Samaki wa Kupaka, Siku ya Jumanne

Mke wangu ni muuguzi. Zamu ya mchana humtoa nyumbani kabla ya saa nane na kumrudisha saa tatu usiku, au saa nne kama wodi imejaa. Kwa miaka mingi, siku zake za zamu hiyo, mimi na wanangu wawili tulikula chai na mkate, au chipsi za pale kona, au ugali na dagaa walioungwa haraka haraka, mpaka watoto wakawa wanaijua zamu ya mama yao kwa harufu ya jikoni. Mimi ni karani wa chama cha ushirika. Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba hadi Desemba, stakabadhi za maghala na hesabu za wakulima hazinipi nafasi ya kuufikia mlango wangu hapa Chuno kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilijiona nina udhuru wa kutosha. Lakini kuishi Mtwara, mji ambao samaki hutoka majini na kufika sokoni macho yake bado maangavu, halafu kuwalisha watoto chipsi siku tatu kwa wiki, jambo hilo lilikuwa linaniuma.

Samaki niliyekuwa nikimtamani ni wa kupaka. Kwa bibi yangu, Mikindani, hiyo ilikuwa kazi ya Ijumaa. Nazi mbili zinakunwa kwenye mbuzi, tui zito linawekwa kando, tangawizi na saumu vinatwangwa, kisha changu mzima anabanikwa juu ya makaa huku akipakwa lile tui tena na tena, mpaka linamgandia kama joho. Sisi watoto tulianza kunusa tangu saa nne asubuhi, na kula tukala wanaume waliporudi msikitini. Joho lile ndilo nililolitaka. Muda wa bibi sikuwa nao.

Nikasema nazi ibaki ya siku za mapumziko, siku za kazi nitumie ukwaju na asali, maana kitu chenye sukari kitaganda haraka kuliko tui. Kikaganda kweli. Jioni ya kwanza nilichanganya ukwaju, asali, saumu na pilipili, nikaloweka humo vipande vya nguru kwa nusu saa, nikavitia kwenye mafuta ya moto. Dakika ya pili jiko lote lilikuwa moshi. Vipande vilikuwa vyeusi, vichungu, vimeng'ang'ania kikaango, na nilipokivunja kimoja, katikati mnofu ulikuwa bado mbichi, unapitisha mwanga kama kioo. Mwanangu mkubwa, wakati ule ana miaka tisa, alitazama sahani akasema kwa upole kabisa, "Baba, ameungua na hajaiva."

Tulikula mayai. Lakini maneno ya mtoto yalinikaa kichwani nikisugua kikaango kwa majivu. Ameungua na hajaiva: yaani yale yaliyokuwa juu yamekwenda mbio zao, na samaki amebaki nyuma. Nilikuwa nimevilazimisha vitu viwili kusafiri pamoja, na kila kimoja kina mwendo wake.

Aliyenionyesha njia hakuwa mpishi wa samaki. Ni mzee anayechoma mishkaki Magomeni ya hapa hapa Mtwara, karibu na mahali ninaposhukia bodaboda. Nilikuwa nimempita mara mia bila kumtazama mikono. Siku hiyo nilisimama. Pembeni yake kuna bakuli la ukwaju mzito, na ndani ya bakuli kifagio kidogo cha chelewa, kama cha kuchezea mtoto. Nyama inachomwa kavu, inageuzwa, inachuruza mafuta, na bakuli haliguswi. Mteja akishasema "nifungie mitano," hapo ndipo kifagio kinatoka: huku mpako, kugeuza, huku mpako, sekunde chache juu ya makaa, mishkaki imeshuka.

"Mzee wangu, shikamoo. Mbona hupaki mapema?"

"Marahaba. Ukipaka mapema utauza masizi."

Baadaye nikaja kuelewa kwa nini ni hivyo. Sukari ya kawaida huanza kugeuka kahawia kwenye joto la nyuzi kama 160 za Selsiasi. Asali ina sukari ya matunda kwa wingi, na hiyo huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 110. Mafuta ya kukaangia samaki hufika 170 au 180. Kwa hiyo asali ikiingia pamoja na samaki, itakuwa imeshaungua kabla joto halijafika kwenye mfupa. Mzee wa Magomeni hahitaji namba hizi. Mimi zilinisaidia kuacha kulilaumu jiko.

Tangu hapo samaki anaiva peke yake, mkavu, na chumvi tu. Rojo la ukwaju linaiva peke yake kwenye sufuria ndogo. Vinakutana dakika ya mwisho.

Nitasema vipimo ninavyotumia kwa watu wanne, maana mimi niliteseka sana na maelekezo ya "weka kiasi." Ukwaju donge la ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, umeloweshwa kwenye robo tatu ya kikombe cha maji ya moto, ukakamuliwa na kuchujwa. Asali vijiko viwili vya chakula, au sukari guru iliyokwanguliwa kiasi hicho hicho. Sukari guru inatoa rangi nzuri zaidi, na siku hizi ndiyo ninayoipenda. Saumu punje nne na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vyote vimetwangwa. Pilipili moja, chumvi nusu kijiko cha chai. Vinachemka polepole kwa dakika saba au nane. Alama yake ni hii: chovya kijiko, kigeuze mgongo, pitisha kidole katikati. Mstari ukibaki wazi bila kufunikwa, zima. Usingoje liwe zito kama jemu, kwa sababu likipoa linazidi kukaza, na juu ya samaki linakaza tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona watu wengi wanalipita, nalo ni maji. Samaki aliyetoka kuoshwa akaenda moja kwa moja kwenye mafuta hakaangiki. Anachemka. Yale maji ya juu yanageuka mvuke, mvuke unamwinua kutoka kwenye chuma, ngozi inalainika, inashika chini, na ukimgeuza nusu yake inabaki kikaangoni. Mimi hufanya hivi. Nikishamwosha, namnyunyizia chumvi pande zote na kumlaza kwenye ungo uliotandikwa kitambaa safi cha pamba. Baada ya dakika kumi na tano chumvi imevuta maji nje, unayaona kabisa, vitone vidogo vidogo kama jasho la paji la uso. Nachukua upande mkavu wa kitambaa na kumkandamiza, sisugui, nakandamiza tu, mpaka ngozi ikiguswa na kidole haitelezi bali inashika kidogo. Hapo yuko tayari. Kikaango kimeshapata moto, mafuta vijiko vitatu tu, napitisha kiganja juu yake kuhisi joto. Samaki anawekwa upande wa ngozi kwanza na kukandamizwa kwa mwiko sekunde kumi ili asijikunje, halafu haguswi tena. Sauti ndiyo inayoniongoza. Mwanzo ni kelele kali ya mfululizo. Baada ya dakika tatu au nne inashuka na kuwa kama mtu anayenong'ona. Ukiingiza mwiko chini yake sasa, anajiachia mwenyewe. Aking'ang'ania, bado, mwache.

Kwa kipande chenye unene wa vidole viwili, upande wa pili unataka dakika mbili au tatu. Kisha napunguza moto uwe wa chini kabisa, namwaga mafuta yaliyobaki, napaka rojo juu, nageuza, napaka upande wa pili. Dakika moja jumla. Rojo linatoa mapovu madogo, linashika, linaanza kumetameta. Nikiona povu limegeuka kutoka rangi ya chai na kuelekea rangi ya kahawa, samaki yuko kwenye sahani kabla sijameza mate.

Mama mkwe wangu anakaa Lindi, ng'ambo ya Kitunda, na huja kwetu kwa wiki mbili tatu. Mara ya kwanza aliponiona nakwangua sukari guru kwa ajili ya samaki, alikaa kimya, jinsi mama mkwe anavyokaa kimya. Nikamwambia, "Mama, naomba uonje ndipo uniambie." Alionja. Akala kipande kizima, akanyonya mfupa, ndipo akasema, "Baba, ni mtamu. Lakini kwa ndimu unamuumiza." Wakati ule nilikuwa nikimkamulia samaki ndimu mapema na kumwacha nayo pamoja na chumvi. Akanichukua mkono mpaka kwenye ungo, akanionyesha mnofu ulivyokuwa umegeuka mweupe pembeni, umekufa, unameguka kama jibini kabla hata haujaona moto. "Ndimu ni ya kuoshea na ya kulia. Si ya kulalia." Ni kweli kabisa: uchachu unaupika mnofu kama moto unavyoupika, ila polepole, na unaulainisha ovyo. Siku hizi ndimu inakuja mezani, imekatwa vipande, kila mtu anajikamulia.

Yote haya hayana maana kama samaki mwenyewe si mzima. Hapa ndipo nilipolipia somo langu ghali kuliko yote.

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi limechachamaa. Wasioishi pwani wanafikiri samaki wapo siku zote. Kuanzia Mei hivi mpaka Septemba kusi linavuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi mbali, na bei ya nguru na kolekole inapanda. Jioni ile nilitoka kazini nimechoka, nikanunua vibua kwa mchuuzi wa baiskeli, bei ya kutupa, tenga limefunikwa gunia tu bila punje ya barafu. Harufu haikuwa mbaya. Nikavikaanga vizuri, nikapaka rojo langu, nikala viwili kabla ya kuwaandalia watoto. Ulimi ulianza kuwasha kama nimetafuna pilipili manga. Baada ya muda uso ulikuwa mwekundu na moto, moyo unadunda, kichwa kinapasuka, mwili mzima unawasha. Namshukuru Mungu kwamba sahani za watoto zilikuwa bado hazijafika mezani.

Hospitali nilisema nina mzio wa samaki. Daktari akaniuliza kama nimewahi kupata hali hiyo maishani, nikamwambia mimi ni mtu wa Mikindani, nimekula samaki tangu sijaota meno. Akanieleza kitu ambacho ningependa kila anayepika kwenye ukanda huu akijue. Kibua, jodari, nguru na jamaa zao wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria huigeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Ikishatengenezeka, kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, na kurudisha samaki frijini hakuiondoi. Samaki anaweza asinuke, na bado akakudhuru. Ukwaju, saumu, pilipili, vyote vizuri, lakini havimfufui aliyekwishaharibika. Na mimi, kwa uchungu, niliona kwamba rojo langu lenye ladha kali ndilo lililonifichia ule mwasho wa kwanza mpaka nikamaliza wa pili.

Kwa hiyo sasa ununuzi ni wa asubuhi. Siku mbili kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu, niko soko la samaki la Feri na ndoo yenye mfuniko na barafu chini yake. Nafunua shavu nitazame matamvua: yawe mekundu ya damu, si ya udongo. Jicho liwe limejaa, halijazama. Nabonyeza mnofu kwa kidole. Kishimo kikibaki, naaga kwa heshima na kuhamia meza nyingine. Vijana wanaopaa samaki pale wana mikono ya ajabu, kolekole wa kilo mbili anaparuliwa magamba, anatumbuliwa na kukatwa mapande kwa muda wa kuvuta pumzi chache, na mimi huwaomba waniachie ngozi na wasimwoshe kwa maji ya ndoo yao. Naosha nyumbani.

Kuna samaki mwingine ambaye nilijifunza kumkataa kwa mkono, na huyu ananihuzunisha. Pwani yetu iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa mabomu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa, na doria zimepunguza sana, lakini anayenunua samaki inampasa bado awe na macho. Samaki wa bomu utamwona mzima nje, ila ukimwinua mkiani mwili unalegea kwa namna isiyo ya kawaida. Akipasuliwa, uti wa mgongo umekatika, damu imevilia kwenye mnofu, matumbo yamechanika. Kikaangoni anasambaratika, hakuna joho litakaloshika juu yake. Mimi simchukui hata kwa bei ya bure. Bomu moja linavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kujijenga, na humo ndimo changu na chewa wa watoto wangu wanapozaliwa. Huko Msimbati kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, inayofika hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma, na kila nikiona changu mzuri wa maji yale mezani kwangu, najua kuna mtu aliyejizuia ili mimi nile.

Basi jioni yenyewe inakuwa hivi. Nikifika, kabla ya kuvua viatu, maji ya moto yanamiminwa juu ya ukwaju. Samaki anatoka frijini, anapata chumvi, analala kwenye ungo. Mwanangu mkubwa anaosha mchele na kuubandika kwenye jiko la mkaa. Yeye ndiye anayejua kupalia makaa juu ya mfuniko, amejifunza kwa bibi yake, na wali wake una ukoko mwembamba tunaogombania. Mdogo anachambua matembele, anayaimbia. Rojo linachemka kwenye jiko la gesi. Matembele yanaungwa kwa kitunguu na nyanya dakika tano. Wali ukishakauka, ndipo kikaango kinapanda. Samaki hamsubiri mtu, wote wanaokula lazima wawe wameshanawa. Tangu kuvua viatu mpaka bismillahi ni dakika arobaini na tano, na ninazotumia kwa samaki mwenyewe hazizidi nane.

Yule mdogo, kwa muda mrefu, alikuwa hali samaki. Mwiba ulimkwama kooni akiwa na miaka mitatu, akaogopa. Nguru na kolekole waliokatwa mapande wana mfupa wa katikati tu na miiba michache mikubwa, unaitoa mbele yake, anaiona, anaihesabu. Nilianza kwa kumpa ile ngozi peke yake, iliyokauka na kupakwa, kama anayempa mtoto kashata. Akaila. Wiki iliyofuata akaomba na kilicho chini yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba kidogo nikajifuta macho, sioni haya kulisema.

Lililobaki kunisumbua lilikuwa sahani ya mama yao. Nilikuwa namwekea kipande chake kwenye bakuli la plastiki na kulifunika. Akirudi saa tatu usiku, mvuke umemlowesha samaki, joho limeyeyuka na kuwa maji ya kahawia chini ya bakuli. Alikuwa anakula bila kulalamika, na hilo lilinifanya nitafute zaidi. Nilijaribu karatasi, nikajaribu kumwacha wazi, paka wa jirani akatufundisha adabu. Mwishowe mama mkwe, bila kuulizwa, alikuja na kawa kutoka Lindi, lile la ukindu, limesukwa kwa rangi ya zambarau na kijani, bado linanuka jua. Kawa linazuia nzi na paka, na mvuke unapita katikati ya msuko na kwenda zake.

Jumanne iliyopita alirudi saa tatu na nusu. Watoto wamelala, umeme umekatika, nimewasha taa ya chaji. Hakukaa hata kitini. Aliinua kawa kwa mkono mmoja, akagonga kipande cha kolekole kwa ukucha, tukasikia wote wawili, tk, bado kikavu. Akakimega kwa vidole, akala amesimama na sare yake, akanyoosha mkono gizani kutafuta ndimu.